Chumvi, Dhahabu na Ulazima wa Kanuni za Maumbile

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanahekalu na majirani, katika juma la maadhimisho)

  

Kamati ilinitaka niseme neno juu ya swali ambalo vijana wetu wa darasa la Jumapili wamelibishania kwa miezi kadhaa. Je, kanuni za maumbile ni za lazima? Yaani, moto huunguza kwa sababu hauna budi kuunguza, au huunguza kwa kuwa ndivyo ilivyotokea mpaka leo, na kesho huenda ukaacha? Mimi si mwanachuo. Niliishia kidato cha nne, na kazi yangu hapa Mwanza ni usonara, niliourithi kwa marehemu baba yangu. Vitabu nilivisoma dukani, saa za mchana wateja wanapokuwa wachache. Hata hivyo mtu aliyeshika dhahabu kwa miaka zaidi ya 40 hawezi kukosa la kusema juu ya asili ya vitu, maana riziki yake yote imeegemea hapo. Mama anapoweka akiba yake katika bangili mbili, huwa ameamini kwamba dhahabu ya leo itakuwa dhahabu miaka 30 ijayo, siku ya kumwoza mjukuu. Nani amemdhaminia jambo hilo?

Naanza na neno lenyewe, kwa kuwa naona nusu ya ubishi wa vijana imetoka humo. Kiswahili chetu hutumia neno sheria kwa amri ya serikali, na mara nyingi hulitumia neno hilo hilo kwa mwenendo wa maumbile. Twasema sheria za barabarani, kisha twasema sheria za maumbile, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Wala si ndugu.

Wazee wetu waliotoka Gujarat walizijua sheria zote mbili kupitia kitu kimoja, nacho ni chumvi. Serikali ya Waingereza nchini India ilikuwa na sheria ya chumvi ya mwaka 1882: chumvi ilikuwa mali ya serikali, nayo ilitozwa kodi, hata kwa maskini aishiye kando ya bahari. Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi alitoka kwa miguu kwenye ashramu ya Sabarmati, Ahmedabad, pamoja na wafuasi wake 78, wakatembea karibu kilomita 385 hadi pwani ya Dandi. Asubuhi ya tarehe 6 Aprili aliinama, akaokota chumvi yenye matope, na kwa tendo hilo sheria ikawa imevunjwa. Kabla ya mwaka kwisha, zaidi ya watu 60,000 walikuwa wamekamatwa.

Sheria ile ilihitaji askari, mahakama na jela, kwa sababu ilitoka nje ya chumvi. Chumvi yenyewe haikujua kwamba inatozwa kodi. Lakini chumvi ile ya Dandi, ukiitia katika bakuli la maji, itayeyuka, na hakuna askari aliyesimama kando ya bakuli kuilazimisha. Wala hakuna Gandhi atakayeandamana ili isiyeyuke. Basi kijana anapouliza ni nani anayesimamia kanuni za maumbile, huwa amekwisha kudhani kwamba zinahitaji msimamizi, kama ile kodi ilivyohitaji.

Hapa mawazo ya wenye hekima yamegawanyika tangu zamani, na ningependa majirani zetu Waislamu wajue kwamba mjadala huu ulikuwa wao kabla haujawa wa Wazungu. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba pamba ikikutana na moto hapana kifungo cha lazima kati ya moto na kuungua. Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye kule kuungua kila mara, nasi kwa kuzoea twadhani ni kazi ya moto. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba kitu kikinyimwa asili yake, kimenyimwa na jina lake. Ikiwa moto hauna tendo lililo lake hasa, kuna maana gani kuuita moto na si maji? Na baada ya hapo kuna maana gani ya elimu yoyote?

Miaka mingi baadaye Mskoti David Hume, katika kitabu chake cha 1748, alisema neno linalofanana na la al-Ghazali, ila yeye nafasi ile aliiacha tupu bila kumtaja Mungu. Twaona gololi moja ikigonga nyingine, ya pili ikaondoka. Ule ulazima wenyewe hatuuoni. Tulichonacho ni mazoea ya akili zetu, kwa kuwa tumeona hivyo mara elfu. Mkate ulitushibisha jana. Kwamba utatushibisha kesho, hoja ya kuthibitisha haipo.

Nakiri kwamba Hume si mtu wa kudharauliwa. Kila mfanyabiashara anajua kuwa bei ya jana haikuahidi lolote juu ya bei ya leo. Lakini bei hupangwa na watu. Swali letu ni kama vitu vinafanana na bei.

Upande wa pili, ambao ndio ninaouegemea, umepata nguvu mpya katika miaka ya karibuni. Brian Ellis wa Australia aliutetea katika kitabu alichokitoa mwaka 2001. Kiini cha maneno yake ni kwamba vitu si vibarua walegevu wanaongoja kuamriwa. Kila aina ya kitu ina uwezo wake wa ndani, na uwezo huo si vazi ililovaa, bali ndio aina yenyewe. Kanuni ya maumbile haiji kutoka juu ikakiambia kitu kitende nini. Hueleza tu kile ambacho kitu hicho, kwa kuwa ndicho kilivyo, hutenda. Elektroni hazisukumani kwa kuwa zimepewa amri. Kuwa elektroni ni pamoja na kusukumana na elektroni nyingine. Isiyofanya hivyo si elektroni mkaidi. Si elektroni kabisa.

Najua mtanena kwamba hayo ni maneno tu. Kwa hiyo turudi katika chumvi, iwe ya jua la pwani au ile inayotokana na chemchemi za Uvinza, ambayo watu waliisafiria tangu kabla ya wakoloni. Mwanafalsafa Mwingereza Alexander Bird alitoa hoja mwaka 2001 ambayo mimi naipenda kwa ufupi wake, na nimeieleza dukani mara nyingi kuliko wateja walivyotaka.

Punje ya chumvi ni mpangilio wa chembe mbili: sodiamu yenye chaji chanya na klorini yenye chaji hasi. Zinashikana kwa sababu chaji zilizo kinyume huvutana, kwa kipimo alichokieleza Mfaransa Coulomb mwaka 1785. Maji nayo, kila molekuli yake ina upande wa oksijeni ulioelemea hasi na pande za haidrojeni zilizoelemea chanya. Chumvi ikitiwa ndani ya maji, molekuli za maji huzizunguka chembe zile, upande hasi ukiivuta sodiamu, upande chanya ukiivuta klorini, na kuzing'oa moja moja kutoka kwenye punje. Ndiko kuyeyuka. Bila shaka kuna mpaka wake: gramu 100 za maji ya kawaida hubeba kiasi cha gramu 36 za chumvi, kisha hushiba, jambo ambalo kila mpishi wa achari analijua.

Sasa jaribuni kuwazia ulimwengu ambamo chumvi haiyeyuki kabisa katika maji. Ili isiyeyuke, itabidi kuvutana kule kwa chaji kuondolewe. Lakini kuvutana kule kule ndiko kunakoishikilia chumvi iwe chumvi. Ukikiondoa, punje haipo, na maji hayapo. Kinachoiyeyusha chumvi ndicho kinachoijenga. Kwa hiyo huwezi kupata mahali ambapo chumvi ipo na kanuni ya kuyeyuka kwake haipo. Zimekuja pamoja au hazikuja. Naona Ibn Rushd angefurahi kuisikia hoja hii.

Angalieni pia kile ambacho hoja haisemi. Haisemi kwamba ilikuwa lazima chumvi iwepo. Pengine ungeweza kuwepo ulimwengu usio na chumvi, wenye vitu vingine vyenye kanuni nyingine. Ulazima uliopo ni huu: chumvi ikiwepo, itakuwa hivyo. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili, na walimu pia.

Nije kwenye dhahabu, ambako nina haki kidogo ya kujidai. Tangu zamani watu walipoulizwa dhahabu ni nini, walijibu kwa sura yake: madini ya njano, mazito, yasiyoshika kutu. Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliona kwamba kuwa madini ya njano ni sehemu ya maana ya neno dhahabu. Januari 1970 kijana wa Kimarekani, Saul Kripke, mtoto wa rabi, alitoa mihadhara mitatu huko Princeton bila karatasi mkononi, na humo alionyesha kwamba jibu hilo limepotoka. Rangi yaweza kuwa danganyo la macho, na dhahabu ikabaki dhahabu. Lakini kitu ambacho atomu zake hazina protoni 79 hakiwezi kuwa dhahabu, hata king'ae namna gani. Waswahili walikwisha kusema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Kripke alituonyesha kwamba hata kung'aa kwenyewe hakuhitajiki.

Sonara analijua jambo hili kwa mikono. Yapo madini yaitwayo tungsteni. Kila sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3, na ya tungsteni gramu 19.25. Mizani ya dukani haitofautishi. Matapeli hutia tungsteni ndani ya kipande, wakaizungushia dhahabu nje. Sura ni ile, uzito ni ule. Hata hivyo tungsteni ina protoni 74, na tofauti ya 5 inatosha kuifanya kitu kingine kabisa: dhahabu huyeyuka katika nyuzi 1,064, tungsteni hukaa kimya hadi kupita nyuzi 3,400. Unaweza kulidanganya jicho la sonara. Tanuru hulidanganyi.

Baba alinifundisha kupima kwa jiwe jeusi, ambalo kwa Kigujarati twaliita kasoti. Unalisugua pambo juu ya jiwe mpaka libaki na mchirizi, kisha unatia tone la asidi ya nitriki. Mchirizi wa shaba iliyochanganywa na zinki hutoweka mbele ya macho yako. Mchirizi wa dhahabu safi hubaki. Ukitaka kuiyeyusha dhahabu, sharti uchanganye asidi ile na ya hidrokloriki. Baba hakujua habari za protoni, lakini alijua kwamba tone lile haliulizi pambo limetoka duka gani, wala limeletwa na tajiri au maskini.

Wahenga wa India nao walilitafakari sana jambo hili. Wafuasi wa Kanada, wa shule ya Vaisheshika, walipanga vitu vyote kwa aina zake na sifa zake: ardhi na harufu, maji na ladha, moto na joto. Dhahabu waliiweka wapi? Katika moto! Msicheke, hoja yao ilikuwa nzuri. Samli ukiipasha sana, huungua na umajimaji wake hupotea. Dhahabu ukiipasha hata kwa moto mkali, hubaki majimaji wala haiungui. Basi haiwezi kuwa ardhi, wala si maji, hivyo ni moto. Unjano wake na uzito wake, walisema, ni wa chembe za ardhi zilizoambatana nayo. Hoja hiyo ilikuwa bado ikifundishwa katika kitabu cha Annambhatta cha karne ya 17.

Walikosea juu ya dhahabu ni nini. Hawakukosea kwamba dhahabu ina jibu lake ndani, na kwamba jibu hilo hutafutwa kwa tanuru na samli, si kwa kupiga kura. Ndiyo maana siwaonei haya wahenga wale, na wala siwaungi mkono wanaotuambia leo kwamba kila kilichogunduliwa Ulaya kilikuwa tayari katika vitabu vyetu. Hakikuwamo. Namba 79 haikuwamo.

Hapa ndipo ninapoona jibu kwa kijana wetu na kwa Hume pia. Ulazima ni wa kitu. Uhakika ni wa mtu. Ikiwa bangili ya yule mama ni dhahabu, basi kesho na miaka 30 ijayo haitaoza, hilo halina shaka. Kama ni dhahabu, hilo ndilo lenye shaka, na ndilo kazi yangu. Hume aliona udhaifu wa ujuzi wetu, akadhani ameona udhaifu wa vitu. Siwezi kumpa mteja uhakika kamili hata siku moja. Naweza kumpa mchirizi, tone la asidi, mizani, na risiti yenye jina langu.

Wapo watakaosema: mbona dhahabu imekwisha kutengenezwa na binadamu? Ni kweli. Mwaka 1980 huko Berkeley, Glenn Seaborg na wenzake waliigeuza bismuthi kuwa dhahabu, kiasi kidogo mno kisichoweza kutosha hata kipini cha mtoto. Bismuthi ina protoni 83. Iking'olewa nne, zinabaki 79. Lakini tazameni kilichotokea. Haikubaki bismuthi yenye tabia ya dhahabu. Bismuthi iliondoka, dhahabu ikaja. Asili haikuvunjwa, kitu kimoja kilikoma na kingine kikaanza.

Na sala je? Hili ndilo swali ambalo akina mama waliniuliza kwa upole kuliko wote. Ikiwa moto hauna budi kuunguza, tunawasha diya kwa nini na tunaomba nini? Kwa upande wangu, sijawahi kumwomba Bhagwan aifanye shaba iwe dhahabu. Nimemwomba macho ya kuitofautisha, na moyo wa kusema ukweli nikishaitofautisha. Zaidi ya hapo nawaachia Maharaj ji na masheikh na mapadri.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Mtu akishakubali kwamba vitu vina asili isiyobadilika, hushawishika kuendelea mbele hatua moja na kusema hivyo hivyo juu ya watu. Kiswahili kina methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Sisi nasi tuna jati zetu: huyu kazaliwa sonara, yule kazaliwa fundi viatu, na binti wa huyu haolewi na mwana wa yule. Mtaani husemwa kwamba Mhindi kwa asili ni mbahili. Katika maduka yetu, nanyi wanahekalu mnalijua hili, husemwa kwamba Mwafrika kwa asili hapewi funguo za kasha. Maneno haya yote huvaa kanzu ya falsafa niliyoieleza, nami sitaki yaivae.

Dhahabu ina 79. Niambieni, namba ya Mhindi ni ngapi? Ya Msukuma je? Ni tone gani la asidi linalobakiza mchirizi wa mmoja na kuufuta wa mwingine? Hata wanyama, tangu Darwin alipoandika mwaka 1859, tumejua kwamba aina zao hubadilika polepole, na baina ya babu na kitukuu wa mbali hapana ukuta. Ikiwa mbwa hana kiini cha namna ya dhahabu, Mgujarati atakipata wapi? Asili ya vitu hujulikana kwa kupimwa. Hizi tunazobandika watu hazikupimwa kamwe. Ziko kama ile sheria ya chumvi, zimetoka nje, na husimama kwa sababu kuna anayezilinda.

Dukani kwangu, anayeshika jiwe sasa ni kijana wa Kisukuma aliyeanza kwa kufagia. Mzee mmoja wa jamii yetu aliniambia kwamba kazi ile ni ya damu, haifundishiki. Mwanangu wa kumzaa, mwenye damu hiyo yote, ni mhasibu hodari, na hawezi kutofautisha karati 18 na 22 hata umwashie taa tatu. Kijana yule anatofautisha kwa kutazama, kisha anapima hata hivyo, kama nilivyomfundisha. Funguo za kasha anazo yeye kwa miaka tisa sasa. Baadhi yenu hamkupendezwa, nami nasema hadharani kwamba najua.

Prasad iko tayari nyuma. Kijana huyo yuko hapa, amekaa mezani karibu na mlango wa ua, na jiwe analo. Akina mama wenye bangili wanazozitilia shaka wampelekee, atawapimia bila malipo mpaka saa tatu.